Kanzu haina kosa: bega, mbavu na mgongo wa mtoto aliyepasuliwa kifua akiwa na siku tatu

Kanzu ilikuwa ya Idd. Fundi wa Faza, kisiwani Pate huko Lamu, alimpima mtoto wa miaka 11 na miezi 4, akakata, akashona, na alipomvalisha, pindo la kulia lilishuka chini ya la kushoto kwa upana wa vidole viwili. Akafumua, akashona upya. Likashuka tena. Safari hii hakuigusa kanzu, alimgeuza mtoto, akamtazama mgongoni, akamwambia mamake: "Mama, kanzu haina kosa. Bega la mwana ndilo lililoshuka."

Bega hilo halikuwa siri. Watoto wa kiume hapa huogelea vifua wazi tangu wadogo, kwa hiyo kila mtu alikuwa ameliona kovu lililozunguka chini ya kwapa la kulia, na kombe la bega linalochomoza kama bawa la kuku. Tatizo ni kwamba kila aliyeliona alilihesabu kuwa sehemu ya kovu, jambo lililokwisha. Ikabaki kazi ya fundi cherehani kulitia kwenye vipimo.

(Kisa hiki kimeunganishwa kutokana na mambo yanayoonekana kwa watoto wa aina hii. Hakuna mtoto mmoja mwenye haya yote, na hakuna hospitali moja inayosemwa.)

Alichozaliwa nacho

Mtoto alizaliwa na kilo 2.3. Povu lilimtoka mdomoni, na alipopewa ziwa alipaliwa akawa wa buluu. Mpira wa kulishia uligoma kupita sm 10 kutoka kwenye fizi. Umio wake, yaani njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, ulikuwa umekatika: kipande cha juu kimeziba kama mfuko, cha chini kimeungana na bomba la hewa. Hiyo ndiyo sura ya kawaida zaidi ya kasoro hii, takriban watoto 85 katika kila 100 wanaozaliwa na umio uliokatika huwa nayo. Akasafirishwa mbali, akapasuliwa siku ya tatu.

Upasuaji wenyewe haujabadilika sana tangu Cameron Haight alipofanikiwa kuunganisha umio wa namna hii kwa mara ya kwanza mwaka 1941 huko Michigan, Marekani. Mtoto hulazwa ubavu wa kushoto, mkono wa kulia ukainuliwa juu ya kichwa. Mkato hupita sentimita moja hivi chini ya ncha ya kombe la bega, kifua hufunguliwa kati ya ubavu wa nne na wa tano, njia ya kwenda kwenye bomba la hewa hufungwa, na ncha mbili za umio hushonwa pamoja. Kwa miongo mingi swali lilikuwa moja tu: ataishi? Aliyeishi alihesabiwa amepona, na mgongo wake haukuwa hesabu ya mtu yeyote.

Huyu aliishi, ila kiungo cha umio kilivuja siku ya sita na usaha ukajaa kifuani. Siku ya tisa akafunguliwa tena palepale. Alitoka wiki ya tano. Kadi ya ruhusa ilikuwa na mistari miwili: umio umetengenezwa, arudi kliniki ya upasuaji. Haikutaja misuli ipi ilikatwa, mbavu zilifungwaje, wala kama pingili za mgongo zilihesabiwa. Mistari hiyo miwili ndiyo iliyogharimu miaka kumi na moja. Mtoto alirudishwa mara tatu kupanuliwa umio uliokuwa ukibana, akaanza kula wali na samaki, na familia ikaacha kurudi. Nani angerudi? Mtoto anakula.

Kumpima bila mashine

Uchunguzi wa kwanza ulifanyika kwenye zahanati, kwa vitu vinavyopatikana popote: kamba yenye kitu kizito mwishoni, tepu ya fundi, na simu yenye programu ya kupima mwinamo. Mtoto alivuliwa shati, akasimama peku, magoti yamenyooka, mgongo ukielekea dirishani.

Kwanza timazi, ileile ya waashi. Ncha ya juu ya kamba hushikwa kwenye pingili inayojitokeza zaidi chini ya shingo. Kamba ikitulia, inapaswa kupita katikati ya mfereji wa matako. Yake ilianguka sm 1.5 kulia. Kiuno kilikuwa sawa na miguu sawa kwa tepu, kwa hiyo kosa halikuanzia chini.

Kisha kuinama. Njia rahisi ya kumwelekeza mtoto wa pwani ni kumwambia aingie kwenye rukuu, ila asishike magoti: aunganishe viganja na kuiacha mikono ining'inie. Anayepima hukaa nyuma, macho yakiwa usawa wa mgongo. Hapa ndipo wengi hukosea kwa mtoto aliyepasuliwa. Akiwa amesimama, kinachochomoza ni kombe la kulia, na jicho huamua kwamba nundu iko kulia. Alipoinama, kombe lilisogea pembeni na mbavu zenyewe zikaonekana: zilizoinuka ni za kushoto. Simu ilipolazwa juu ya mgongo, usawa wa mabega, ilisoma digrii 9. Kuanzia 7 mtoto anahitaji picha.

Kwa hiyo kulikuwa na mambo mawili tofauti, moja kila upande. Mbavu za kushoto zilizoinuka zilisema uti umepinda na kujizungusha. Kombe la kulia lilikuwa na maelezo mengine, na kipimo chake ni ukuta. Mtoto aliweka viganja viwili ukutani usawa wa mabega, akasukuma kama anayesukuma mashua. Kombe la kushoto lilibaki limelala. La kulia liliachana na mgongo kiasi cha kupitisha vidole vitatu nyuma yake. Mkono wa kulia ulipanda hadi digrii 150, wa kushoto ukafika juu kabisa. Kovu, ambalo lilikuwa fupi alipopasuliwa, sasa lina sm 11, na katikati yake ngozi imegandamana na ubavu: ukiibana haiinuki.

Hapo mama aliuliza kama ni kuinamia msahafu chuoni, yaani chuo cha Kurani, maana mwanawe hukaa mbele ya marfaa saa mbili kila jioni. Mjomba alilaumu mkoba wa shule. Hapana. Kukaa kwa kuinama na mkoba mzito huchosha misuli, lakini havipindishi mifupa kwa namna hii, na mtoto asiondolewe chuoni kwa sababu hiyo.

Nyuzi tatu kwenye fundo moja

Mtoto aliyezaliwa na umio uliokatika na kufunguliwa kifua anaweza kupinda mgongo kwa sababu tatu, na huwa zimefungana. Asiyezifungua moja moja atatibu isiyokuwepo.

Ya kwanza ni misuli na mshipa wake wa fahamu. Kufika kwenye mbavu kwa njia ya zamani, mpasuaji hukata msuli mpana wa mgongo, halafu msuli wenye meno kama msumeno unaolishika kombe la bega kwenye kifua. Mshipa wa fahamu wa huo msuli wa msumeno hushuka juu ya uso wake, ubavuni chini ya kwapa. Mkato ukipita hapo, meno yote ya chini hubaki bila amri. Msuli hukonda na kombe hupeperuka. Kuna njia ya pili: misuli isikatwe, isogezwe tu, mmoja nyuma na mwingine mbele, kisha kifua kifunguliwe kati yake. Nafasi ni finyu na huchukua muda zaidi, lakini kwa mtoto ambaye hali yake imetulia hakuna sababu nzuri ya kutoifuata.

Ya pili ni mbavu. Kipanua mbavu kikifunguliwa kwa pupa huvunja ubavu wa mtoto mchanga au kuuvua utando wake. Utando huo ndio unaotengeneza mfupa. Wakati wa kufunga, nyuzi huzungushwa kwenye ubavu wa juu na wa chini na kukazwa. Zikikazwa hadi mbavu zigusane, tando mbili zilizochubuka zinakutana na kujenga daraja la mfupa. Mpasuaji mwema huzilegeza, akiiacha nafasi ilingane na ile ya juu na ya chini yake. Usaha kifuani na kufunguliwa mara ya pili huongeza hatari, na huyu alipata vyote viwili. Mbavu zikishaungana upande mmoja huwa kama kamba fupi: upande huo haurefuki, ule mwingine unarefuka, na uti hupinda, tumbo la upinde likielekea upande usio na kovu. (Ubavu ukiondolewa kabisa, kama ilivyofanywa zamani, upinde huweza kwenda kinyume, ukitokeza upande wa kovu. Ndiyo maana kadi ilipaswa kutaja kama ubavu ulitolewa.)

Ya tatu haihusiani na kisu. Watoto wa kasoro hii mara nyingi huzaliwa pia na kasoro za pingili, haja kubwa, moyo, figo au mifupa ya mkono, kwa sababu viungo hivi hujengwa katika wiki zilezile za mwanzo wa mimba. Pingili nusu, au mbili zilizoshikana, zinaweza kupinda mgongo hata kama kifua hakikuguswa.

Watafiti wa Helsinki, Finland, mwaka 2009 walichapisha matokeo ya picha za watu wazima 100 waliotengenezwa umio utotoni. Waliopinda zaidi ya digrii 10 walikuwa 56, lakini waliozidi 20 walikuwa 11, na aliyezidi 45 alikuwa mmoja. Wenye kasoro ya pingili walikuwa 45, na kwa 38 kasoro ilikuwa shingoni. Kati ya mambo yaliyotabiri mpindo, mbavu zilizoungana baada ya upasuaji ziliongoza. Takwimu hizi zinatuliza na kuonya kwa pamoja: wengi hupinda, wachache hupinda vibaya, na hao wachache hawajulikani bila kufuatiliwa.

Kufanya upasuaji kwa kamera na matundu madogo, jambo lililowezekana kwa umio tangu 1999, huokoa misuli na mbavu. Pingili alizozaliwa nazo mtoto hubaki vilevile, kwa hiyo naye afuatiliwe.

Picha ilionyesha nini

Eksrei ya uti mzima ilipigwa akiwa amesimama, miale ikiingilia mgongoni ili kifua na shingo vipate kidogo. Picha ya kifua peke yake haitoshi. Picha ya kulala pia haifai, kwa kuwa mtu akilala mpindo hupungua na hesabu hudanganya.

Mbavu zilihesabiwa: jozi 12. Ubavu wa nne na wa tano wa kulia umeungana nyuma kwa urefu wa sm 3. Mpindo unaanzia pingili ya tatu ya kifua na kuishia ya nane, kilele kikiwa kati ya ya tano na ya sita, usawa uleule wa daraja. Digrii 24, tumbo la upinde kushoto. Shingoni, pingili ya tano na ya sita zimeshikana tangu kuzaliwa. Ukingo wa mfupa wa nyonga haukuwa na dalili ya kufunga, maana yake ukuaji mkubwa bado uko mbele.

Ingekuwa rahisi kuishia hapo: mbavu zimeungana kulia, uti umepinda kama inavyotarajiwa, basi. Lakini mpindo wa kifua unaotokeza kushoto huamsha shaka ya pili, kwamba ndani ya uti wenyewe kuna kasoro, na watoto wa kundi hili wakati mwingine huwa na uti wa fahamu (ile kamba ya fahamu inayopita ndani ya pingili) ulioshikiliwa chini. Ngozi ya tumbo ilikunwa kwa mpini wa kijiko pande nne za kitovu, na misuli ikaruka sawasawa pande zote. Nguvu za miguu sawa, hakuna kukojoa kitandani kulikoanza upya, hakuna shimo wala kishungi cha nywele chini ya mgongo. Hata hivyo alipelekwa Mombasa kwa picha ya sumaku (MRI), na figo zikapigwa ultrasaundi, jambo lililopaswa kufanywa akiwa mchanga. Zote zilikuwa safi.

Kwa nini hakuvishwa koti la plastiki

Kanuni inayokaririwa ni kwamba mpindo wa digrii 25 hadi 40 kwa mtoto anayekua huvishwa koti gumu la plastiki, saa 18 au zaidi kwa siku. Familia ilikwishaanza kutafuta pesa zake. Ushauri ulikuwa zisitumike hapo.

Koti linaloishia kwapani hushika vizuri mpindo ambao kilele chake kiko pingili ya saba au ya nane ya kifua au chini zaidi. Chake kiko juu mno; kuukamata kungehitaji koti lenye pete ya shingoni, ambalo watoto wengi hulivua mlango ukifungwa. Pili, koti husukuma mbavu ili uti ufuate. Mbavu zilizoungana hazifuati, hubanwa tu, na kifua kilichokwisha kupoteza nafasi hupoteza nyingine. Tatu, umio uliotengenezwa huacha asidi ipande; koti likikandamiza tumbo huipandisha zaidi. Mtoto huyu tayari hulala kwa mito miwili, na mkate wa mofa haumezi bila maji. Ukiongeza joto la msimu wa kaskazi, Januari na Februari, na ngozi ya kovu iliyoganda juu ya mfupa, vidonda vingekuja kabla ya faida.

Alichopewa ni hiki. Kovu lisuguliwe kwa mafuta ya simsim dakika 10 kila usiku, vidole vikizunguka na kuivuta ngozi itengane na ubavu. Nyanya yake alikuwa na mikono mizuri kwa kazi hii. Onyo lilikuwa moja, nalo lilisemwa mara mbili: asivute shingo wala asialishe mgongo, yaani kuvifanya viungo vilie, na asipelekwe kwa mkandaji wa kualisha, kwa sababu ya zile pingili zilizoshikana. Mazoezi ya msuli wa msumeno: kusukuma ukuta, na viwiko vikinyooka aendelee kusukuma mpaka makombe yatengane, mara 10, pumzi, tena, raundi tatu, siku sita kwa wiki. Kupumua akiwa amelala ubavu wa kushoto, mkono wa kulia juu ya kichwa, akijaza upande wa kulia. Haya hayafungui mbavu. Yanalirudisha bega kazini na kukipa kifua pumzi, na ni vizuri familia iambiwe hivyo waziwazi isije ikasubiri mgongo unyooke.

Kuogelea aendelee. Kuruka gatini kichwa mbele ni marufuku: shingo yenye pingili zilizoshikana hupeleka mshtuko wote kwa jirani zake. Aruke kwa miguu. Na kila atakayemtia usingizi siku zijazo aambiwe habari ya shingo na ya umio kabla hajagusa mpira wowote.

Urefu wake huandikwa kwa penseli kwenye mwimo wa mlango kila mwanzo wa mwezi. Sababu ni hii: kifua hukua kwa kasi mara mbili, kabla ya miaka mitano na tena wakati wa balehe, na mpindo hukimbia wakati huohuo. Mara ya kwanza ilipita bila mtu kutazama. Akianza kuongeza zaidi ya nusu sentimita kwa mwezi, picha isogezwe iwe kila miezi minne badala ya sita.

Miezi kumi na miwili

Miezi sita baadaye mpindo ulisoma digrii 26. Hilo si badiliko. Watu wawili wakipima picha moja hutofautiana hadi digrii 5. Mkono ulipanda hadi 165, ngozi ya kovu sasa inabanika, kombe bado linapeperuka lakini kwa kidole kimoja.

Mwezi wa kumi na mbili: digrii 30, na mwimo wa mlango umeonyesha sm 3 katika miezi minne. Sita juu ya mwanzo, zimepita mpaka wa kosa. Mbio zimeanza. Amepewa rufaa kwa mpasuaji wa mgongo, na swali lililoandikwa kwenye barua ni mahususi: je, daraja la mbavu liondolewe sasa, wakati kuna ukuaji wa kutumia, au kusubiriwe? Kuliondoa kunataka kukata mfupa pamoja na utando wake na kuweka mafuta au msuli kati, la sivyo litajijenga upya. Na ni kufungua kifua kilekile mara ya tatu. Kusubiri kunaweza kumfikisha 45 hadi 50, ambako mazungumzo huwa ya kutiwa vyuma mgongoni. Maoni ya uchambuzi huu ni kwamba daraja fupi la sm 3 lililo kwenye kilele chenyewe, kwa mtoto ambaye nyonga haijafunga, linastahili kuondolewa mapema. Lakini atakayeamua ni yule atakayeona picha ya kompyuta (CT) ya mbavu, ambayo bado haijapigwa.

Barua inabeba pia yale ambayo kadi ya kwanza haikusema, yaliyopatikana kwa kuomba faili la zamani: upande wa kulia, nafasi ya nne, misuli yote miwili ilikatwa, hakuna ubavu uliotolewa, alifunguliwa mara mbili, nyuzi nne zilizungushwa kwenye mbavu. Mama amelipiga picha karatasi hilo kwa simu. Filamu tatu za eksrei zimekunjwa ndani ya kipande cha bomba la maji chenye vifuniko pande zote mbili, kwa sababu miadi imeangukia Julai, kusi limechafua bahari, na maji hurukia ndani ya boti njia nzima mpaka Mokowe, gati la upande wa bara.

Kanzu mpya fundi ameikata pindo la kulia fupi kwa sm 2.5.